Mipya si ndiyo mizuri? Jicho linapokosa oksijeni na kuotesha mishipa

"Mipya si ndiyo mizuri, daktari?"

Shangazi aliuliza hivyo kope zake zikiwa bado zimelowa matone ya kupanua mboni, ameinamia skrini iliyoonyesha picha ya nyuma ya jicho lake la kushoto. Alikuwa ameambiwa kwamba kisukari, anachoishi nacho mwaka wa 17 sasa, kimeotesha mishipa mipya ya damu ndani ya jicho, na kwamba mishipa hiyo haina budi kuzuiwa mapema. Shangazi ni mkulima wa Pangani. Kwake kinachochipua ni heri, kiwe muhogo au jino la mjukuu. Daktari alicheka, akasema, "Mama, swali lako lina jibu refu," akatupia jicho foleni iliyokuwa nje ya mlango, akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimemsindikiza tu, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Jibu fupi ni kwamba mishipa ile imeitwa kwa haki. Jicho lilikosa hewa kweli, likapiga kelele, na msaada ukaja. Ila umekuja ukaingia chumba kingine. Kwa nini iwe hivyo, inabidi tuanze na ile picha.

Kabla ya kupigwa picha, Shangazi alichomwa sindano ya rangi kwenye mshipa wa mkono. Rangi hiyo, fluorisini, huenda na damu na kung'aa ikimulikwa kwa mwanga wa buluu. Aliyechomwa hubaki na ngozi ya manjano kwa saa kadhaa, na mkojo wake hufanana na soda ya chungwa. Hilo Shangazi hakulisikia vizuri, jioni akaja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa na figo zimekwisha.

Kwenye picha, mishipa yenye damu huonekana myeupe. Ya Shangazi ilichomoza kwenye neva ya jicho ikagawanyika kama matawi ya mwembe, halafu baadhi ya matawi yakakatika ghafla. Mbele ya pale yalipokatikia palikuwa na mabaka meusi tii. Ule weusi haukuwa uvimbe wala damu iliyoganda, zilikuwa sehemu za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ambazo kapilari zake, ile mishipa myembamba kabisa, zimeziba, damu haifiki. Kwenye mipaka ya mabaka hayo ndipo palipokuwa na vidoa vyeupe vilivyotanuka picha baada ya picha, kama tone la maziwa kwenye glasi ya maji. Hivyo vidoa ndivyo mishipa mipya, nayo ilikuwa inavuja. Anayeweza kueleza kwa nini vidoa vyeupe vimeota mpakani mwa weusi, wala si mahali pengine, ameshaeleza karibu ugonjwa wote.

Kiungo kidogo, mlaji mkubwa

Retina ni utando wa seli za neva uliotandazwa nyuma ya jicho, unene wake kama robo ya milimita. Gramu kwa gramu, hula oksijeni kuliko karibu kiungo kingine chochote mwilini, ubongo ukiwemo. Walaji wakubwa ni zile seli zinazopokea mwanga, ambazo katika kila jicho ni zaidi ya milioni 100. Na ukidhani hupumzika usiku umekosea. Gizani seli hizi huacha wazi njia zinazoingiza chembe za chumvi, kisha hulazimika kuzisukuma tena nje bila kusita, kama watu wanaochota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Kwa hiyo retina hutumia oksijeni nyingi zaidi gizani kuliko kwenye mwanga.

Damu huifikia kwa njia mbili. Nyuma yake kuna koroidi, kama godoro lililosukwa kwa mishipa, na hilo ndilo linalolisha seli za mwanga. Mbele kuna mishipa ya retina yenyewe, ile ya kwenye picha, inayolisha tabaka za ndani. Hii ya mbele ni michache, na haingeweza kuwa mingi, maana kila mshipa unaopita mbele ya retina unaukinga mwanga usifike. Jicho linahitaji damu na linahitaji kuona, na vyote viwili vinagombea nafasi ileile. Matokeo yake tabaka za ndani za retina huishi kwa hesabu kali, bila akiba.

Kisukari huivuruga hesabu hiyo taratibu sana. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, huua seli zinazozikumbatia kapilari kwa nje na kuzipa uimara. Kuta huota vivimbe vidogo, chembe nyeupe za damu hunata ndani, na kapilari moja huziba, kisha ya pili, kisha kichaka kizima. Mwenye jicho hasikii kitu. Siku tuliyokwenda kliniki, Shangazi alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kwa kweli tulikwenda kwa sababu ya shinikizo la binti yake tu.

Tarishi na chaki

Seli hujuaje kwamba hewa imepungua? Swali hili ndilo lililowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Semenza na Ratcliffe hawakuwa wakichunguza macho. Walikuwa wanafuatilia jinsi mwili unavyojua kuongeza homoni inayotengeneza damu mtu anapokosa oksijeni. Kaelin alikuwa akichunguza ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe. Njia zao zikakutana kwenye protini moja, HIF.

Mchukulie HIF kama tarishi mwenye ujumbe mmoja: hewa haitoshi, leteni. Ajabu ni kwamba seli humtuma tarishi huyu kila wakati, hata hewa ikiwa tele. Ila mlangoni pana walinzi wawili. Wa kwanza ana chaki, humchora alama kila tarishi anayepita. Wa pili huwakamata wenye alama na kuwapeleka kwenye mashine ya kuwasaga. Hewa ikiwa ya kutosha, maisha ya tarishi ni dakika chache tu, hafiki popote.

Na hiyo chaki ni oksijeni yenyewe. Mlinzi wa kwanza ni kimeng'enya kinachochukua oksijeni na kuibandika juu ya HIF. Oksijeni ikiadimika, chaki imekwisha. Matarishi wanapita bila alama, mlinzi wa pili hana wa kumkamata, nao wanaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni moja baada ya nyingine. Sijui mtambo mwingine unaopima uhaba wa kitu kwa kukitumia kitu chenyewe kwa urahisi namna hii.

Mlinzi wa pili anaitwa VHL, kifupi cha majina ya von Hippel na Lindau. Eugen von Hippel alikuwa daktari wa macho wa Ujerumani, na zaidi ya miaka 100 iliyopita alieleza wagonjwa wenye vinundu vya mishipa ya damu kwenye retina. Wagonjwa wa aina hiyo huzaliwa na hitilafu kwenye jeni ya VHL. Machoni mwao hewa ipo, chaki ipo, alama zinachorwa kama kawaida, lakini palipoharibika jeni hiyo mlinzi wa kukamata hayupo. Matarishi wanapita, na mishipa inaota pasipo na uhaba wowote. Hilo likisahaulika, mengine yote yatachanganya: kinachoiotesha mishipa ni ule ujumbe. Ukosefu wa hewa huutoa ujumbe, lakini ujumbe unaweza kwenda bila ukosefu, na unaweza kuzuiwa ukosefu ukiwa bado upo. Matibabu yote ya leo yamejengwa juu ya jambo hili.

Miongoni mwa jeni zinazowashwa na HIF, moja hutengeneza protini ambayo madaktari wa macho huitaja mara nyingi kuliko jina la mgonjwa: VEGF. Hii hutoka nje ya seli, husambaa, na ikiufikia mshipa ulio hai huuamuru mambo mawili: chipua, na legeza kuta. Hilo la pili ndilo lililogunduliwa kwanza. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak wa Boston walitangaza protini inayotolewa na uvimbe wa saratani na kuifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California wakaeleza protini inayochochea mishipa kukua. Baadaye ikabainika ni kitu kilekile chenye majina mawili. Mwaka 1992 kundi la Eli Keshet, Jerusalem, likaonyesha kwamba ukosefu wa oksijeni ndio unaoiamsha.

Watu wa macho walikuwa wamekwisha kulinusa jambo hili mapema. Mwaka 1948 Isaac Michaelson, alipokuwa anachunguza jinsi mishipa ya retina inavyokua, aliona kwamba kando ya kila ateri pana ukanda mtupu usio na kapilari, lakini kando ya vena kapilari zimejaa. Ateri imebeba damu yenye oksijeni nyingi, na oksijeni hiyo hupenya kuta zake. Palipo na hewa, kapilari hazihitajiki. Akasema lazima kuna kitu kinachotolewa na retina yenye uhaba, kinachosambaa na kuita mishipa. Hakuwa na namna ya kukikamata. Miaka 46 ilipita. Mwaka 1994 Lloyd Paul Aiello na wenzake walipima majimaji ya ndani ya macho ya wagonjwa 164 na kukuta VEGF imepanda kwenye macho yenye mishipa mipya, na imeshuka kwa wale ambao matibabu ya leza yalikuwa yamefanikiwa.

Hewa nyingi iliyoleta ukosefu wa hewa

Hapa kuna kisa ambacho kila nikikisoma nasimama kidogo.

Mwaka 1942 Theodore Terry, daktari wa macho wa Boston, alieleza watoto njiti waliokuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi, vipofu wa macho yote mawili. Ulikuwa ugonjwa mgeni. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba ulikuwa umejazana kwenye hospitali bora, zenye inkubeta mpya zisizovujisha hewa. Watu walitafuta sababu kila mahali. Mwaka 1951 Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, aliandika kwamba huenda sababu ni oksijeni yenyewe wanayopewa ili waishi. Huko Washington, daktari wa macho Arnall Patz alianza kulinganisha watoto waliopewa oksijeni nyingi na waliopewa kidogo, na inasimuliwa kwamba baadhi ya wauguzi walikuwa wakifungulia mitungi usiku kwa kuwaonea huruma wale wa kidogo. Utafiti mkubwa wa hospitali 18 za Marekani ulimaliza ubishi mwaka 1954. Kufikia hapo watoto wanaokadiriwa kufika 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, ni mmoja wao.

Sasa hili linaingiaje kwenye hadithi ya uhaba? Mishipa ya retina huanza kutambaa kutoka kwenye neva ya jicho mimba ikiwa na wiki 16 hivi, na humaliza kufika pembezoni karibu na siku ya kuzaliwa. Inachoifuata ni VEGF: retina iliyo mbele, ambayo haijafikiwa na damu, huona uhaba kidogo na kuita, mshipa husogea, uhaba hutulia, ile ya mbele zaidi huita. Ni ujenzi unaoongozwa na njaa, nao tumboni huenda vizuri kabisa.

Mtoto akizaliwa wiki ya 28, mishipa haijafika mwisho. Mwekee oksijeni nyingi, na retina yake inashiba ghafla. Chaki imejaa, matarishi wote wanakamatwa, VEGF inakoma, na mishipa michanga inayoitegemea ili iishi inasinyaa. Norman Ashton wa London aliliona hili wazi kwenye watoto wa paka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wiki zinapita, retina inakomaa, mahitaji yanapanda, mtoto anatolewa kwenye oksijeni, na sehemu kubwa ya retina haina mshipa hata mmoja. Hapo ndipo uhaba wa kweli unapoanza, na kilio chake ni kikubwa kiasi kwamba mishipa inafumuka bila mpango na kuivuta retina hadi inabanduka. Oksijeni ya wiki za mwanzo ndiyo iliyopanda mbegu ya ukosefu wa wiki za baadaye.

Baada ya 1954 hospitali zilibana oksijeni. Upofu ulishuka, na vifo vikapanda. Makadirio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1973 yalisema kwa kila mtoto mmoja aliyeepushwa na upofu, 16 hivi huenda walikufa kwa kunyimwa hewa. Leo wodi nyingi hulenga oksijeni ya damu kati ya asilimia 90 na 95, na huo ni mstari mwembamba. Kubaki juu yake kunahitaji kipimo cha kidoleni au mguuni muda wote, na mtambo wa kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida. Panapokosekana vitu hivyo, ugonjwa huu huwapata hata njiti wenye uzito mkubwa kidogo, ambao kwingineko wangepona bila tatizo. Mzazi mwenye njiti aliyewekewa oksijeni na aulizie uchunguzi wa macho wiki ya nne hivi baada ya kujifungua. Hauhitaji kusubiri dalili, kwa sababu mtoto wa mwezi mmoja hana namna ya kusema haoni.

Kwa nini inakosea njia

Nirudi kwa Shangazi. Kama retina yenye mabaka meusi ndiyo iliyoita, kwa nini mishipa isiingie kwenye mabaka na kuyalisha? Hilo ndilo lililokuwa ndani ya swali lake, na kwangu ndilo gumu kuliko yote.

Sehemu ya jibu ni kiasi. Tumboni VEGF hupangwa kama harufu ya chakula, nyingi mbele na kidogo nyuma, na mshipa huifuata. Kwenye jicho la kisukari eneo kubwa linaita kwa pamoja, VEGF inafurika hadi kwenye ute unaojaza jicho, na harufu inakuwa kila mahali. Sehemu nyingine ya jibu ilitoka Montreal mwaka 2011. Watafiti wa huko waliona kwenye panya kwamba neva zilizokosa hewa kwa muda mrefu hutoa pia protini ya pili, semaforini 3A, ambayo huifukuza mishipa. Mkono mmoja unaita, mwingine unaziba mlango kwa miiba. Mishipa iliyochipua mpakani haiwezi kuingia kwenye weusi, nayo imeamriwa ikue, basi inageukia upande usio na kizuizi: inatoka nje ya retina na kutambaa kwenye uso wa ule ute, kama mmea unaotambaa unavyojishika kwenye uzio.

Huko haina wa kumlisha. Na imejengwa haraka haraka, bila zile seli za kuikumbatia, kwa hiyo inavuja na kuvunjika. Ute ukijivuta, jambo linalotokea kwa watu wengi wakizeeka, mshipa unakatika na damu inamwagika. Wagonjwa huueleza wakati huo kwa maneno yanayofanana sana: masizi yanayoshuka, utando wa buibui, moshi wa kuni. Ikikaa muda, mishipa huota nyama ya kovu, kovu hujikunja, na retina hubanduka nayo. VEGF nyingine huelea hadi mbele ya jicho na kuotesha mishipa juu ya irisi, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, ikaziba mfereji wa kutolea maji; hiyo ni presha ya macho ya aina mbaya kabisa, yenye maumivu ya kukosesha usingizi. Ikifuata kuziba kwa vena kuu ya retina, madaktari wa zamani waliiita presha ya siku 100, kwa sababu ilikuja karibu na mwezi wa tatu. Na hata pasipo mshipa mpya hata mmoja, ile amri ya pili ya VEGF, legeza kuta, hujaza maji katikati ya retina na kufifisha herufi. Kwa wenye kisukari, hili la maji ndilo huharibu uwezo wa kuona kwa watu wengi zaidi.

Selimundu nayo hufuata njia hiyohiyo, ila kinachoziba kapilari ni chembe nyekundu zilizojikunja. Mishipa mipya huota pembezoni kwa umbo la upepeo, ikafananishwa na matumbawe laini ya baharini yenye umbo hilo. Kinyume na matarajio, wenye aina ya SC, waliorithi hemoglobini S kwa mzazi mmoja na C kwa mwingine, ambao kwa kawaida wana nafuu ya maumivu na upungufu wa damu, ndio wanaoathirika macho zaidi kuliko wenye SS, waliorithi S kwa wazazi wote wawili. Hemoglobini C ina asili ya Afrika Magharibi, na kwetu Afrika Mashariki wagonjwa wengi ni wa SS, lakini hilo haliwaondolei haja ya kupimwa. Jambo moja la kuvutia kwenye selimundu ni kwamba mara nyingi pepeo hizo hujiziba zenyewe kwa chembe zilezile zilizozileta, na kunyauka.

Kuchoma, kuchoma sindano, au vyote

Tarehe 9 Julai 1945 mwanafunzi mmoja wa udaktari nchini Ujerumani alitazama kupatwa kwa jua bila kinga na kuunguza katikati ya retina yake. Daktari wa macho Gerhard Meyer-Schwickerath alipoona kovu lile safi, akajiuliza kama mwanga unaweza kutumika kuunguza kwa faida. Akaanza na jua lenyewe, akaja taa za nguvu, na baadaye leza ikachukua nafasi. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba kuichoma retina ya pembezoni hupunguza hatari ya kupoteza sana uwezo wa kuona kwa zaidi ya nusu.

Kinachochanganya ni kwamba leza haipigwi kwenye mishipa mipya. Hupigwa kwenye retina, kwenye maeneo yenye njaa, nukta 1,200 hadi 1,600 zenye upana wa nusu milimita hivi. Kila nukta inaua kundi la seli za mwanga, wale walaji wakubwa. Wakipungua walaji, oksijeni ya koroidi iliyokuwa ikiishia kwao inapenya hadi tabaka za ndani. Na seli zilizokuwa zikiita zinatulia au zimekufa. VEGF inashuka, mishipa mipya inanyauka bila kuguswa. Ni tiba ya kupunguza midomo mezani, na ina gharama: kuona gizani na pembeni hupungua.

Kuna waliofikiri njia ya upole zaidi. Kama seli za mwanga hula sana gizani, mgonjwa alale na kinyago chenye mwanga hafifu ili zisile sana. Wazo zuri kweli. Lilijaribiwa Uingereza kwa miaka miwili, matokeo yakatoka 2017: halikusaidia. Ninalitaja kwa sababu mantiki yake imenyooka kabisa, na bado jicho lilikataa.

Sindano hufanya kazi tofauti. Dawa ikiingizwa kwenye ute wa jicho, kiasi cha mililita 0.05, hunasa VEGF kabla haijaufikia mshipa. Bevacizumab ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Miami aliijaribu jichoni, ikafanya kazi. Ndugu yake wa bei ghali, ranibizumab, alipata kibali mwaka uliofuata. Mwaka 2011 walilinganishwa kwenye ugonjwa wa retina wa uzeeni wakatoka sare, ilhali nchini Marekani dozi moja ya wa kwanza ilikuwa dola 50 hivi na ya wa pili karibu 2,000. Shirika la Afya Duniani liliiweka bevacizumab kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho mwaka 2013.

Kwa maji ya katikati ya retina, sindano ndiyo inayoongoza. Kwa mishipa mipya ya kisukari, utafiti wa 2015 ulionyesha sindano hazizidiwi na leza katika miaka miwili. Lakini dawa huisha baada ya wiki chache, na mabaka meusi bado yanaita. Utafiti wa Philadelphia wa 2019 uliwafuatilia wagonjwa waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi sita: waliokuwa wamechomwa sindano pekee walirudi na hali mbaya kuliko waliopigwa leza. Kwa mtu anayepanda basi mbili na kulala kwa ndugu ili afike kliniki, naona hilo lina uzito kuliko jedwali lolote la ulinganisho. Daktari wa Shangazi alimuuliza anakaa wapi kabla ya kumwambia atamtibu kwa nini.

Akapigwa leza, awamu tatu. Alisema ni kama mtu anayempiga picha akiwa ndani ya kichwa: mmweko wa kijani, tik, mmweko, tik, na mara mojamoja uchungu wa kama kudungwa na mwiba. Magharibi ikiingia sasa hujigonga kwenye ndoo iliyo njiani, na amemfokea kila mtu nyumbani kuhusu ndoo hiyo.

Miezi minne baadaye tulirudi kwa picha nyingine, rangi ileile, mkojo uleule, safari hii bila hofu. Vidoa vyeupe vilikuwa vimekwisha, isipokuwa kimoja kidogo karibu na neva. Shangazi alisogeza uso kwenye skrini, akaweka kidole juu ya baka jeusi.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo palepale, mama. Hapo hapajabadilika. Ila hapapigi kelele tena."

Akatikisa kichwa, akauliza tarehe ya kurudi, akaifunga kadi kwenye pindo la kanga.